BABA ALIONYA, MWANA AKAJA KUTHIBITISHA: STORI YA AKAUNTI ZA FASTA FASTA

Leo tuna stori ya baba na mwanae. Majina yao tunayaweka pembeni, ila tarehe na namba ni za kweli kabisa.

Miaka ya 70, kwenye mfumo wa Unix uliozaliwa Bell Labs kule Marekani, kumfungulia mtu akaunti ilikuwa kazi ya mkono. Admini anafungua faili linaloitwa passwd, anaongeza mstari: jina la kuingilia, neno la siri lililofichwa, namba ya mtumiaji, jina kamili, folda yake. Halafu anaitengeneza hiyo folda na kumkabidhi mwenyewe. Watu 5, fresh. Wanafunzi 300 wa mwaka wa kwanza? Utakesha!

Ndo skripti zikawa mkombozi. Amri zote unaziandika mara moja, skripti inasoma orodha ya majina na kurudia kazi ileile kwa kila mtu. Unaenda kunywa chai, ukirudi wote wana akaunti. Tatizo, skripti haina akili yake. Ukiiambia neno la siri la kila mtu liwe jina lake, inatii tu.

Sasa cheki. Mwaka 1979, mzee wetu wa Bell Labs na mwenzake walitoa utafiti. Walikagua maneno ya siri 3,289, na asilimia 86 yalikuwa mepesi: mafupi mno, au yamo kwenye kamusi na orodha za majina. Onyo lilikuwa wazi.

Miaka 9 baadaye, tarehe 2 Novemba 1988, programu inayojisambaza yenyewe ikaachiwa kwenye intaneti. Aliyeiachia? Kijana wa mzee huyohuyo, mwanafunzi wa Cornell! Moja ya mbinu zake ilikuwa kusoma lile faili la passwd na kubahatisha: jina la akaunti, jina hilo mara mbili, jina kinyumenyume, jina la kwanza, jina la ukoo. Ikikwama, inajaribu orodha yake ya maneno 432. Inakadiriwa kompyuta 6,000 ziliguswa, kama moja ya kumi ya intaneti ya wakati ule.

Mwaka 1990 dogo alihukumiwa kifungo cha nje miaka 3, kazi za jamii saa 400 na faini ya dola 10,050. Baadaye akawa profesa MIT. Maisha haya!

Skripti yenyewe haina kosa, inafanya inachoambiwa. Iliyoandikwa vizuri inampa kila mtu neno la siri la kubahatisha, inamlazimisha alibadilishe siku ya kwanza, na inaweka tarehe ya akaunti kufungwa akiondoka.

Sasa wewe uliyepewa akaunti ya chuo au kazini yenye neno la siri la jina la ukoo, na mpaka leo hujabadilisha, unasubiri nini? Tiririka hapo chini, ila neno lenyewe usilitaje!