Kangambili, Fifi na Historia ya Kupima Dawa za Pamba

Kangambili hutoboa kitumba cha pamba kwa mdomo mwembamba kama sindano, anyonye mbegu changa. Ukungu huingia kwenye tundu hilo na nyuzi hugeuka manjano. Hiyo ndiyo pamba iitwayo fifi, ambayo bei yake ni ya chini kuliko safi. Huko Kwale, pwani ya Kenya, mdudu huyu hana shida ya makao: huzaliana pia kwenye mbegu za mbuyu na msufi, miti ya kawaida kuanzia Diani hadi Msambweni. Mashina ya pamba yakichomwa baada ya mavuno, yeye hungoja mtini.

Kuokota wadudu kwa mkono na kuchoma mashina ndiko kulikokuwa kinga kuu hadi ilipofika DDT, ambayo Paul Müller aligundua mwaka 1939 kuwa inaua wadudu. Vituo vya utafiti kama Ukiriguru karibu na Mwanza na Namulonge nchini Uganda vilifanya kazi kubwa juu ya pamba na wadudu wake. Jaribio la dawa hugawa shamba vipande, kila dawa ikapewa chake kwa kura, na kimoja kikaachwa bila kupuliziwa. Mkaguzi hupindua jani moja moja akihesabu mayai ya funza wa vitumba, adui mwingine wa pamba, yaliyo madogo kama chembe ya mchanga, kwa sababu funza akishazama ndani ya kitumba dawa haimfikii. Mavuno yakiiva, safi hupimwa mbali na fifi. Mizani hiyo ndiyo hakimu wa kweli, wala si wingi wa wadudu waliokufa: DDT iliua funza, lakini iliua na maadui wa utitiri mwekundu unaoshambulia pamba, nao utitiri ukafurika.

Maji yalikuwa kikwazo kingine. Bomba la mgongoni hutaka mamia ya lita kwa hekta, mzigo mzito mno kwa sehemu kavu kama Kinango. Miaka ya 1970 vilienea vipulizia vya betri vinavyotumia lita chache tu za dawa ya mafuta, bila maji.

Kenya ilitunga sheria ya viuatilifu mwaka 1982 na kupiga marufuku DDT katika kilimo mwaka 1986. Desemba 2019 iliruhusu pamba ya Bt, inayojikinga na funza kwa sumu yake yenyewe. Sumu hiyo haimdhuru kangambili, kwa hiyo mkulima wa Msambweni anayeipanda bado anahitaji dawa iliyopimwa dhidi yake.