Mizani ya Chembe na Maradhi ya Watoto

Matabibu wa kale hawakuwa na vyombo vingi zaidi ya hisi zao. Waliutazama mkojo wa mgonjwa, wakaunusa, na wengine wakauonja, ili wapate kujua maradhi yaliyojificha mwilini. Leo ni rahisi kuwacheka, lakini haifai. Walikuwa wamekwisha kujua jambo kubwa, ya kuwa ugonjwa huacha alama katika majimaji ya mwili kama mwizi aachavyo nyayo mchangani. Kilichowapungukia ni chombo cha kuzisoma nyayo hizo. Makala hii yaeleza jinsi chombo hicho kilivyopatikana, nacho ni spektrometa ya masi, au kwa lugha nyepesi mizani ya chembe. Sitaifuata historia yake yote. Nitafuata uzi mmoja tu, uzi wa asidi yenye harufu mbaya, ambao ulitoka Boston, ukapita Jamaica, na hatimaye ukafika India.

Chombo hiki hakikubuniwa na tabibu. Katika mwaka 1912, huko Cambridge, J. J. Thomson aliipitisha gesi ya neoni katika nguvu za umeme na sumaku, akaona alama mbili mahali alipotazamia moja: neoni yenye uzito wa 20 na neoni yenye uzito wa 22. Msaidizi wake, F. W. Aston, alitengeneza chombo bora zaidi mwaka 1919, na mwaka 1922 akapewa Tuzo ya Nobel ya kemia. Siri ya chombo hicho si ngeni kwa mpepeta mpunga. Upepo ni mmoja, lakini makapi huchukuliwa mbali na punje huanguka karibu. Katika spektrometa chembe hutiwa umeme kwanza, kisha nguvu ile ile huzipinda zote. Nyepesi hupindika zaidi na nzito hupindika kidogo, na kila moja hujulikana uzito wake kwa mahali iangukapo.

Wakati huo elimu ya tiba ilikuwa ikienda katika njia yake. Archibald Garrod wa London alieleza mwaka 1902 khabari za watu ambao mkojo wao hugeuka mweusi, akafahamu kuwa kasoro yao imerithiwa. Chakula hakigeuki kuwa nguvu na nyama kwa hatua moja. Huvunjwa na kujengwa hatua kwa hatua, na kila hatua ina kimeng'enya chake. Vitu vinavyozaliwa katika hatua hizo ndivyo viitwavyo metaboliti. Kimeng'enya kimoja kikikosekana, kitu kilichotakiwa kugeuzwa hurundikana, kama maji ya mfereji yaliyokutana na boma. Mwaka 1934, mama mmoja wa Norwei mwenye watoto wawili waliodumaa akili, ambaye alikuwa amechoka kubisha milango ya matabibu, alimwambia Asbjørn Følling ya kuwa mkojo wa watoto wake una harufu ya ajabu. Følling hakumpuuza. Aliutia mkojo huo kloridi ya chuma, ukageuka kijani, na kwa kazi ndefu akaitambua asidi iliyokuwamo. Ndivyo ulivyojulikana ugonjwa uitwao fenilketonuria. Tuangalie vema mpango wa mambo: pua ya mama ilitangulia, na kemia ikafuata.

Njia hizi mbili zilikutana katikati ya karne ya 20. Damu na mkojo ni michanganyiko ya vitu vingi mno; ukivitia vyote katika mizani kwa pamoja utapata ghasia. Katika miaka ya 1950 wataalamu waliiunganisha spektrometa na kromatografia ya gesi, ambayo huvitenganisha vitu na kuvipeleka kimoja kimoja. Huko Stockholm, Ragnar Ryhage alikikamilisha chombo cha namna hiyo, na wenzake Sune Bergström na Bengt Samuelsson wakakitumia kufumbua umbo la prostaglandini, vitu vilivyotokana na mafuta ambavyo kiasi chake mwilini ni kidogo mno. Kabla ya hapo wengi waliyadhania mafuta ya mwili kuwa akiba tu, kama kuni zilizowekwa ghalani. Ilidhihirika kuwa ni wajumbe pia, wenye amri juu ya maumivu, homa na kuganda kwa damu. Bergström na Samuelsson, pamoja na John Vane wa Uingereza, walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1982.

Sasa tuushike uzi wetu. Huko Boston walikuwako ndugu wawili waliopatwa mara kwa mara na kutapika, damu kuwa na asidi nyingi, na kuzimia. Kila walipougua walitoa harufu kama ya miguu yenye jasho. Harufu hiyo ingeweza kutoka katika asidi kadha wa kadha, na baadhi yake zina uzito ule ule mmoja wa 102. Mizani pekee isingetosha kuzipambanua. Lakini chembe ikipigwa ndani ya spektrometa huvunjika, na kila namna ya chembe huvunjika kwa desturi yake, kama chungu na kikombe visivyoacha vigae vya sura moja. Kwa vigae hivyo, na kwa muda ambao kitu hutumia kupita katika kromatografia, Kay Tanaka na wenzake walithibitisha mwaka 1966 kwamba kilichorundikana ni asidi ya isovaleri, inayotokana na leusini, sehemu mojawapo ya protini. Jina sahihi lilileta tiba. Watoto wa namna hii hupunguziwa protini, na hupewa glisini, ambayo huikamata asidi ile na kuitoa mwilini kwa njia ya mkojo.

Tanaka hakuishia hapo. Jamaica palikuwa na ugonjwa wa kutapika uliowaua watoto wa maskini kwa miaka mingi. Tangu mwaka 1916 H. H. Scott alikuwa ameushuku mti wa aki, ambao asili yake ni Afrika ya Magharibi na matunda yake ni chakula kipendwacho kisiwani. Tunda lililoiva halina madhara. Lililo bichi ni sumu. Katika miaka ya 1950 C. H. Hassall na K. Reyle waliipata sumu yenyewe, wakaiita haipoglisini kwa sababu hushusha sukari ya damu. Mwaka 1972 Tanaka na wenzake walionyesha kuwa panya waliopewa haipoglisini walijaa asidi ya isovaleri pamoja na asidi nyingine ya uzito ule ule. Sumu ya tunda ilikuwa imeziba njia ambayo kwa ndugu wa Boston ilizibwa na urithi, tena ilizuia mwili usiweze kuunguza mafuta. Mtoto asiye na akiba ya sukari, na mafuta yake hayaungui, hana cha kumpeleka hadi asubuhi.

Mwaka 1990 David Millington na wenzake wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walionyesha kuwa spektrometa mbili zilizofungamanishwa zaweza kusoma tone la damu lililokaushwa juu ya karatasi, likiwa limetolewa katika kisigino cha mtoto mchanga. Upimaji wa zamani ulitafuta ugonjwa mmoja kwa kipimo kimoja. Huu hutafuta makumi kwa muda wa dakika chache. Miongoni mwao umo ugonjwa wa ndugu wa Boston, na umo mwingine ambao mtoto huonekana mzima kabisa mpaka usiku atakapolala na njaa. Mtoto huyo akijulikana mapema, dawa yake kubwa ni kutoachwa bila chakula. Hata hivyo chombo hiki nacho hudanganyika: mama aliyetumia dawa fulani za viuavijasumu zenye asidi ya pivali huweza kumfanya mtoto mzima aonekane mgonjwa, kwa kuwa uzito unalingana. Kwa hiyo majibu yake hayana budi kuhakikishwa kwa kipimo kingine.

Uzi wetu unaishia Muzaffarpur, katika jimbo la Bihar. Tangu mwaka 1995 watoto wa huko walikuwa wakifa kila mwaka wakati wa mavuno ya lichi, wakiamka alfajiri na degedege. Mwaka 2014, kwa muda usiofika miezi miwili, watoto 390 waliingizwa katika hospitali mbili, na 122 kati yao wakafa. Virusi vilitafutwa visionekane. Lakini lichi ni jamaa ya aki, na tangu mwaka 1962 ilijulikana kuwa mbegu zake zina kitu kilicho ndugu wa haipoglisini. Wataalamu wa India na Marekani walipima mkojo wa watoto 73. Katika 48 walikuta mabaki ya sumu hizo, na kwa watoto 15 wasiougua hawakuyakuta hata kwa mmoja. Mamilioni ya watu hula lichi bila kudhurika. Aliyekuwa hatarini ni mtoto aliyekula matunda mengi kisha akalala bila chakula cha jioni. Ushauri uliotolewa mwaka 2017 ulikuwa mwepesi: mtoto apewe chakula cha jioni, apunguziwe lichi, na akiugua atiwe sukari mara moja.

Lakini mwaka 2019 zaidi ya watoto 100 walikufa tena katika wilaya ile ile. Wako waliotaja joto kali na sababu nyinginezo, na mjadala huo una haki ya kusikilizwa. Halina mjadala hili, kwamba wengi wa watoto waliokufa walikuwa wa maskini wenye lishe duni. Mizani iliyoanza na neoni ya Thomson iliweza kuonyesha alama ya sumu katika mkojo wa mtoto; haikuweza kumpakulia sahani ya wali.

Mwanafunzi wa historia apate hapa mambo mawili. La kwanza, chombo hakikuuliza swali lolote katika safari hii yote. Maswali yaliulizwa na mama wa Norwei, na Scott aliyetazama matunda yaliyokuwa katika vyungu vya maskini, na madaktari waliohesabu vifo vya msimu wa lichi. La pili, kujua sababu ya kifo na kukizuia ni kazi mbili, na ya pili haimalizwi maabarani. Elimu huonyesha mlango; kuufungua ni wajibu wa serikali, wa jamii, na wa kila aliyebahatika kusoma.