Maven na Kontena: Vitegemezi vya Programu Huko Kaskazini Mashariki

KenyaEMR, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa unaotumika katika vituo vingi vya afya nchini Kenya, umejengwa juu ya OpenMRS, mradi ulioanza 2004 kwa ushirikiano wa watu wa Eldoret na Regenstrief Institute ya Indiana. OpenMRS nayo inaitegemea Java, hifadhidata ya MySQL, na maktaba chungu nzima zilizoandikwa na watu wasiojuana. Hivyo ndivyo vitegemezi. Fundi aliyeko Nairobi akikosa kimoja hukipakua mara moja. Mandera, mahali ambapo al-Shabaab wamewahi kuilipua minara ya simu na watu wakakaa bila mawasiliano, kitegemezi kimoja kikikosekana, seva iliyoharibika huenda isifufuke mpaka mtandao urudi.

Wahandisi wamelijibu tatizo hili kwa mapokeo mawili, na hayapatani vizuri kama wauzaji wa mifumo wanavyotuambia.

Ya kwanza ni ya zana za ujenzi. Make, aliyoiandika Stuart Feldman wa Bell Labs mwaka 1976, haikuleta kitu kutoka nje: ilitazama faili lipi limebadilika baada ya lipi, ikajenga upya yale tu yaliyohitaji. Maven, ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka 2004, ilikwenda mbali zaidi. Mwandishi hutaja jina na toleo la maktaba ndani ya faili la pom.xml, nayo Maven huifuata kwenye ghala la mtandaoni pamoja na vitegemezi vya vitegemezi vyake. Maktaba mbili zikidai matoleo tofauti ya maktaba ya tatu, hushinda toleo lililo karibu zaidi na mzizi wa mti, hata kama ndilo kuukuu. Wengi huijua sheria hii programu ikiwa imeshakwama.

Ubora wa mapokeo haya ni uwazi. Desemba 2021, kasoro kubwa ya usalama ilipotangazwa katika maktaba ya Log4j, mwenye pom.xml aliweza kuuliza mti wake kama Log4j imo, akabadili namba ya toleo, akajenga upya. Udhaifu wake ni ghala lenyewe. Machi 2016 mwandishi mmoja aliiondoa left-pad, maktaba ya mistari 11 tu, kwenye npm, ghala kama hilo la lugha ya JavaScript, na miradi mingi duniani ikashindwa kujengwa. Maven huweka nakala ya kila ilichopakua kwenye kompyuta ya fundi, naye anaweza kujenga bila mtandao. Lakini sharti awe ameshajenga mradi uleule penye mtandao.

Mapokeo ya pili, ya kontena, yalienea baada ya zana ya Docker kutangazwa 2013. Hayaulizi programu inahitaji nini. Huchukua kila kilichokuwepo siku ilipofanya kazi, yakakifunga pamoja. Msomaji wa Garissa anaijua aqal, nyumba ya kuhama nayo: wanawake wa wafugaji wa Kisomali huifumua, fito na mikeka ikapakiwa juu ya ngamia, ikasimamishwa malishoni. Ardhi haipakiwi. Kontena nalo hubeba Java, maktaba na mipangilio yake, lakini kerneli ya Linux na prosesa ni vya mwenyeji. Ndiyo maana taswira, yaani kifurushi ambamo kontena huanzishwa, iliyotengenezwa kwenye kompyuta ya ARM haitakimbia vyema, au haitakimbia kabisa, kwenye seva ya Intel iliyoko Wajir.

Kwa Kaskazini Mashariki faida yake ni dhahiri. Amri ya docker save huigeuza taswira nzima kuwa faili moja, faili hilo likaingia kwenye diski, diski ikapanda basi pale Eastleigh. Hospitalini, docker load huipokea bila tone la bando.

Hapo ndipo wengi huacha kufikiri. Kontena halikuondoa vitegemezi, limevificha. Nyuma yake ipo Maven ileile, au amri ya apt, kisakinishi cha programu za Linux, iliyochota chochote kilichokuwa kipya siku hiyo. Ijenge taswira tena mwezi ujao, huenda ukapata kitu kingine. Log4j mbovu iliyofungwa humo itabaki humo hata pom.xml ikisahihishwa, mpaka mtu ajenge taswira mpya na kuisafirisha tena. Nix, aliyoianzisha Eelco Dolstra huko Utrecht mwaka 2003, ilijaribu kuyapatanisha mapokeo haya kwa kukipa kila kifurushi anwani inayotokana na vitegemezi vyake vyote. Ni jibu zuri kuliko yote mawili, ila ni gumu kujifunza, na mafundi wake ni wachache.

Kwa hiyo kontena lisafiri, lakini lisisafiri peke yake. Wanaonunua mifumo kwa hospitali za Garissa, Wajir na Mandera wadai kwa maandishi msimbo chanzo, Dockerfile (faili la maelekezo ya kujenga taswira), na orodha ya vitegemezi yenye matoleo kamili, kwenye diski ileile. Muuzaji asiyeweza kuvitoa hana uwezo wa kuujenga upya mfumo anaouuza, na asilipwe.