Unyanyasaji kazini katika misafara ya Unyamwezi

Unyanyasaji kazini katika misafara ya Unyamwezi ni mada ya historia ya ajira. Inahusu dhuluma zilizowakuta wapagazi wa karne ya 19 katika njia ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji, na namna walivyozitambua na kuzikabili. Katika Unyamwezi, nchi ya Wanyamwezi iliyomo katika Tanzania ya leo, upagazi ulikuwa kazi ya heshima na safari ya pwani kipimo cha utu uzima wa kijana.

Mpangilio wa kazi

Mpagazi alibeba kilo 27 hadi 32 hivi, mbali na mkeka na vyombo vyake. Mbele alitangulia kirangozi (mwongoza njia), na wanyapara walisimamia vikosi. Wapagazi waligawanyika katika makambi madogo ya watu waliopika na kula pamoja. Ujira ulilipwa zaidi kwa nguo na shanga, na sehemu yake ilitolewa kabla ya safari. Ujira, uzito wa mzigo na posho vilikuwa mambo ya kupatana, kwa hiyo kila mmoja alijua haki yake ilipoanzia.

Dalili

Msafara mbaya ulijulikana kwa mambo yaliyojirudia: posho kupunjwa, mzigo kuongezwa nje ya mapatano, tirikeza (mwendo wa mchana juani) kulazimishwa mara kwa mara, na wagonjwa kuachwa njiani. Dalili nzito zaidi ilikuwa kiboko. Henry Morton Stanley, mwandishi wa habari aliyefika Tabora mwaka 1871, alieleza mwenyewe katika kitabu chake cha 1872 jinsi alivyowachapa watu wa msafara wake.

Namna ya kukabiliana

Njia ya kwanza ilikuwa mgomo. Wapagazi waliitua mizigo na kukataa kuondoka kambini mpaka posho itolewe au mwendo upunguzwe. Kirangozi aliyeaminiwa na wenzake aliweza kuwasemea kwa mwenye msafara.

Njia ya pili ilikuwa kutoroka, mara nyingi usiku na kwa makundi. Mwenye msafara aliyekimbiwa alikwama na bidhaa zake porini. Katika vituo kama Unyanyembe, eneo la Tabora, ambako misafara ilivunjwa na wapagazi wapya kuajiriwa, kiongozi mwenye sifa mbaya alitaabika kupata watu.

Utani nao ulisaidia. Uhusiano wa utani kati ya Wanyamwezi na makabila ya njiani hadi pwani uliwapa wasafiri ruhusa ya kutupiana maneno makali bila kugombana, pamoja na wajibu wa kusaidiana katika ugonjwa na msiba. Utani ulikuwa wa pande zote mbili. Mnyapara aliyemtukana mtu asiyeweza kumjibu hakuwa akitania.

Baada ya misafara

Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ikamaliza misafara mikubwa. Katika Vita Kuu ya Kwanza watu wengi wa Afrika Mashariki walilazimishwa kuwa wapagazi wa majeshi, na makumi ya maelfu wakafa kwa njaa, maradhi na uchovu. Kazi ilikuwa ileile, lakini uwezo wa kupatana na kuondoka ulikuwa umeondolewa.

Umuhimu kwa mfanyakazi wa leo

Dalili za zamani bado zipo: malipo kucheleweshwa, majukumu kuongezwa bila makubaliano, mgonjwa kunyimwa ruhusa, mtu kutukanwa mbele ya wenzake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki, inalinda haki ya kujiunga na chama cha wafanyakazi, na inahesabu unyanyasaji unaotokana na sababu kama jinsia, kabila au dini kuwa ubaguzi. Mfanyakazi anayejiuzulu kwa sababu mwajiri ameifanya kazi isivumilike anaweza kuhesabiwa kuwa ameachishwa, lakini ni juu yake kuthibitisha. Kwa hiyo anapaswa kuandika tarehe, maneno na mashahidi, na kutafuta ushauri wa chama kabla ya kuandika barua ya kuacha kazi. Mgogoro wa kuachishwa hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30.

Wapagazi hawakuwa na tume wala sheria iliyoandikwa. Walichokuwa nacho ni mapatano yaliyojulikana na wote, na wenzao wa kambi moja. Anayenyanyaswa leo naye aanze hapo: ausome mkataba wake, kisha azungumze na wenzake. Kuvumilia peke yake kimyakimya hakujawahi kumrekebisha mkubwa wa kazi.