Dirisha na Uajemi

Ukimwagiza seremala wa Buyenzi, mtaa wa Waswahili hapa Bujumbura, vibao vya kukinga jua dirishani, huenda akakuuliza: vya nje au vya ndani? Vya nje, vile vya bawaba, Kifaransa huviita persienne, yaani "vya Uajemi". Na dirisha lenyewe je? Nalo ni la Kiajemi: dariche, mlango mdogo. Lilipitia Ghuba na pwani yetu, hata Kirundi kikasema idirisha. Mwajemi kafika Tanganyika mara mbili, kwa njia mbili! Mimi huchagua vya nje: huzuia jua la saa nane kabla halijagusa kioo, na jioni upepo wa ziwa hupenya. Vya ndani, vya kuvuta kwa kamba, kwangu vimekusanya vumbi tu.