Madai ya nishani za Jadotville

Madai ya nishani za Jadotville ni juhudi za muda mrefu za askari wastaafu wa Eire (Ayalandi) za kuitaka serikali yao itambue ushujaa wa Kombania A ya Batalioni ya 35. Kombania hiyo ilipigana mjini Jadotville, Katanga, tarehe 13 hadi 17 Septemba 1961, ikiwa chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa. Mji huo leo unaitwa Likasi, nao uko katika mkoa wa Katanga Juu, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

Askari hao walizingirwa na adui aliyewazidi sana kwa idadi. Walipigana bila kufiwa na mtu hata mmoja, kisha wakaishiwa risasi, chakula na maji, wakalazimika kujisalimisha. Mkuu wao alipendekeza baadhi yao wapewe nishani za ushujaa, lakini bodi ya jeshi haikukubali hata pendekezo moja. Ilipita zaidi ya miaka 40 kabla ya taifa lao kuwasafisha jina, na zaidi ya miaka 50 kabla ya kila mmoja wao, au familia yake, kupewa medali.

## Chanzo

Kongo ilipata uhuru kutoka Ubelgiji tarehe 30 Juni 1960. Tarehe 11 Julai mwaka huohuo Moïse Tshombe alitangaza kwamba Katanga, jimbo lenye utajiri wa shaba, kobalti na urani, limejitenga. Umoja wa Mataifa ulituma jeshi la kulinda amani lililojulikana kwa kifupi kama ONUC. Eire, iliyojiunga na Umoja huo mwaka 1955, ilikuwa miongoni mwa nchi zilizopeleka askari.

Kombania A ilikuwa na watu wapatao 155, wengi wao vijana ambao hawakuwahi kuona vita. Mkuu wake alikuwa Pat Quinlan, mwenye cheo cha komandanti, ambacho katika jeshi la Eire ni sawa na meja. Mwanzoni mwa Septemba 1961 kombania ilipelekwa Jadotville, mji wa migodi ulio umbali wa kilomita 120 hivi kutoka Elisabethville (leo Lubumbashi). Kazi yake ilikuwa kuwalinda raia, hasa walowezi wa Kibelgiji waliosemekana kuwa hatarini. Walipofika waligundua kwamba walowezi wengi waliunga mkono kujitenga kwa Katanga na hawakutaka kuwaona askari wa Umoja wa Mataifa. Quinlan aliona dalili za hatari, akawaamuru watu wake wachimbe mahandaki na kuweka akiba ya maji.

## Mapigano

Asubuhi ya tarehe 13 Septemba majeshi ya Umoja wa Mataifa yalianza Operesheni Morthor huko Elisabethville ili kuzima utawala wa Tshombe. Siku hiyohiyo Jadotville ilishambuliwa. Askari wengi wa Kombania A walikuwa kwenye misa iliyosomwa nje kambini. Sajenti John Monaghan aliwaona washambuliaji wakija, akawafyatulia risasi, na wenzake wakawahi kuingia mahandakini.

Washambuliaji walikuwa jandarmeri ya Katanga pamoja na mamluki na walowezi wa Kizungu. Idadi yao inakadiriwa kwa namna tofauti. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni watu elfu kadhaa. Walikuwa na mota na ndege ya jeti aina ya Fouga Magister iliyowapiga Waeire kwa mabomu na risasi. Waeire walikuwa na silaha nyepesi, bunduki za rashasha aina ya Vickers, mota za milimita 60 na magari machache ya deraya ya kizamani. Hawakuwa na silaha ya kuitungua ndege ile.

Maji ya bomba yalikatwa. Helikopta iliyoendeshwa na rubani kutoka Norwei ikisaidiwa na rubani kutoka Uswidi ilifanikiwa kutua katikati ya mapigano, lakini maji iliyoleta yalikuwa kwenye madebe yaliyobaki na mafuta, hayakunyweka. Vikosi vya msaada kutoka Elisabethville vilijaribu mara mbili kufika Jadotville, na mara zote vilizuiwa kwenye daraja la mto Lufira.

Tarehe 16 Septemba pande mbili zilikubaliana kusimamisha mapigano, lakini mapatano hayakudumu. Tarehe 17 Quinlan, bila risasi za kutosha na bila tumaini la kupata msaada, alikubali kujisalimisha. Waeire watano walikuwa wamejeruhiwa. Kwa upande wa washambuliaji, idadi inayotajwa zaidi ni waliokufa wapatao 300, ingawa hesabu hiyo ni ya makadirio tu. Usiku uliofuata, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Dag Hammarskjöld, alikufa katika ajali ya ndege karibu na Ndola alipokuwa akienda kuzungumza na Tshombe.

Kombania A ilishikwa mateka hadi Oktoba 1961, ilipoachiliwa kwa kubadilishana wafungwa. Ilirudi Eire mwezi wa Desemba.

## Mapendekezo yaliyokataliwa

Nishani ya juu kabisa ya ushujaa katika jeshi la Eire huitwa *An Bonn Míleata Calmachta*, yaani Medali ya Kijeshi ya Ushujaa. Ilianzishwa mwaka 1944. Askari hapewi kwa kuiomba mwenyewe. Mkuu wake huandika pendekezo akieleza tendo lenyewe na mashahidi wake, kisha bodi ya maofisa hulichunguza na kutoa uamuzi. Kanuni ziliweka pia ukomo wa muda: tendo likishapitwa na miaka iliyowekwa, nishani haitolewi tena.

Utaratibu huo ulikuwa umekwisha kutumika kwa vita vya Kongo. Askari Anthony Browne, mmoja wa Waeire tisa waliouawa huko Niemba tarehe 8 Novemba 1960, alikuwa mtu wa kwanza kabisa kutunukiwa medali hiyo, baada ya kufa kwake.

Quinlan alipendekeza watu wa kombania yake watunukiwe. Hesabu inayotajwa zaidi ni askari 33. Bodi iliamua kwamba nishani zisitolewe, na Mkuu wa Majeshi akaridhia. Mwaka 1965 suala liliwasilishwa kwake tena kwa barua. Aliirudisha kwa bodi ileile, nayo ikajibu kwamba hoja zote zilikwisha kuzingatiwa na haikuwa tayari kubadili uamuzi wake.

Maveterani na waandishi wa historia hutaja sababu kadhaa za kukataliwa huko. Kwanza, kombania ilijisalimisha, na kwa wakubwa wengi wa wakati ule jambo hilo lilikuwa aibu kwa jeshi changa lililokuwa likijijengea jina duniani. Pili, kueleza kwa ukamilifu yaliyotokea kungefichua makosa ya waliowapeleka askari wachache mbali na msaada, na silaha duni. Tatu, Operesheni Morthor yenyewe ililaumiwa sana kimataifa, na wahusika hawakupenda izungumzwe.

Matokeo yake yalikuwa mazito kwa askari wenyewe. Jeshini jina la Jadotville lilitumika kama tusi la woga, na baadhi yao walinyamaza hata mbele ya familia zao. Quinlan alipanda hadi cheo cha kanali kabla ya kustaafu, lakini hakupelekwa tena nje ya nchi. Alifariki mwaka 1997 bila kuona jina la kombania yake likisafishwa.

## Kampeni ya maveterani

Aliyeongoza madai hayo ni John Gorman, askari mstaafu aliyekuwa na umri wa miaka 17 tu wakati wa mapigano. Pamoja na wenzake, akiwemo Liam Donnelly aliyekuwa kapteni katika kombania hiyo, aliwaendea wanasiasa na maofisa na kuwapelekea maelezo. Leo Quinlan, mwana wa komandanti na yeye mwenyewe ofisa mstaafu, aliendeleza madai hayo kwa niaba ya baba yake.

Madai yao yalikuwa na hatua mbili zinazofaa kutofautishwa. Hatua ya kwanza ilikuwa kuondoa lawama: kutaka serikali itamke kwamba kombania haikufanya kosa lolote la kiaskari. Hatua ya pili ilikuwa nishani zenyewe, yaani kufungua upya mapendekezo ya Quinlan kwa kila askari aliyetajwa.

## Utambuzi wa hatua kwa hatua

Hatua ya kwanza ilifanikiwa mwaka 2004. Waziri wa Ulinzi Willie O'Dea aliruhusu suala zima lichunguzwe upya, na uchunguzi wa jeshi ukawaondolea lawama Quinlan na watu wake. Baada ya hapo utambuzi uliendelea hivi:

* 2005: jiwe la ukumbusho liliwekwa katika kambi ya Custume, mjini Athlone.
* 2006: Kombania A ilikabidhiwa hati ya heshima.
* 17 Septemba 2016: kombania ilipewa hati ya sifa ya kikosi. Ilikuwa mara ya kwanza jeshi la Eire kutoa heshima ya namna hiyo.
* 2 Desemba 2017: askari wote wa kombania, na familia za waliofariki, walikabidhiwa medali maalumu iitwayo *An Bonn Jadotville*.
* 2020: serikali iliunda kikundi huru cha kuchunguza tena suala la nishani za ushujaa za mtu mmojammoja.

## Mjadala

Heshima za mwaka 2016 na 2017 zilitolewa kwa kombania nzima. Wapo walioona kwamba inatosha, kwa kuwa kila mtu mahandakini alihitaji mwenzake ili kubaki hai. Wengine walisisitiza kwamba medali ya wote si jibu la mapendekezo ya Quinlan. Yeye alikuwepo, aliona nani alitoka handakini chini ya risasi na kwa sababu gani, na aliandika majina.

Upande wa serikali ulieleza ugumu wa kutengua uamuzi wa bodi halali baada ya miongo mingi, wakati mashahidi wengi wamekwisha kufa. Maveterani walijibu kwamba ucheleweshaji haukuwa wao: mapendekezo yaliandikwa mapema, na rufaa ya 1965 ilirudishwa kwa watu walewale waliokwisha kuikataa. Hoja hii ya mwisho ndiyo iliyowagusa watu wengi, kwa kuwa rufaa inayosikilizwa na aliyelalamikiwa haiwezi kuonekana kuwa ya haki.

Kumbukumbu hizi zote ni za upande mmoja. Wakatanga waliouawa kwenye mapigano hayo hutajwa zaidi kwa idadi, na hata idadi hiyo haina uhakika. Jimbo waliloupigania uhuru wake lilirudishwa ndani ya Kongo mnamo Januari 1963.

## Katika vitabu na filamu

Kitabu cha Declan Power kuhusu kuzingirwa kwa Jadotville kilitoka mwaka 2005 na kuwafikishia habari hizi wasomaji wengi. Filamu *The Siege of Jadotville*, iliyoongozwa na Richie Smyth, ilitoka mwaka 2016, mwaka uleule wa hati ya sifa ya kikosi. Jamie Dornan aliigiza kama Quinlan. Filamu hiyo ilipigwa picha Afrika Kusini.