Kinga ya kutu uvunguni mwa gari na jinsi wakaguzi wanavyoitazama

Kinga ya kutu ni rangi, lami, nta au mafuta yanayopakwa uvunguni mwa gari ili maji, chumvi na hewa visiifikie chasisi, bodi na mabomba ya breki. Kwa wasafirishaji wanaotoka bandari za Mombasa na Dar es Salaam kwenda Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo, kinga hiyo ina sura mbili. Ikifanywa vizuri huongeza umri wa gari. Ikifanywa ili kuficha ubovu, huweza kulikwamisha gari kwenye ukaguzi, au chasisi ikakatika mzigo ukiwa njiani.

Kutu inatoka wapi

Chuma hushika kutu kinapokutana na maji na oksijeni. Chumvi huharakisha kazi hiyo kwa sababu hupitisha umeme ndani ya maji na huvuta unyevu, hivyo chuma hakikauki upesi.

Katika ukanda huu chumvi hufika uvunguni kwa njia kadhaa: hewa ya bahari kwa magari yanayolala pwani, mizigo ya chumvi kutoka Uvinza mkoani Kigoma na Ziwa Katwe nchini Uganda, samaki waliotiwa chumvi, na mbolea inayomwagika kwenye sakafu ya lori. Aidha, magari mengine huja na kutu yao kutoka nje. Gari lililotumika Hokkaido au kaskazini mwa Honshu nchini Japani limepita kwenye barabara zinazomwagiwa chumvi wakati wa theluji. Linaweza kuwa na kilomita chache na bodi inayong'aa, huku uvungu umeliwa.

Aina za kinga

Lami na mpira: Ni tabaka nene linalohimili kokoto za barabara mbovu. Udhaifu wake ni kwamba likikauka hupasuka, maji huingia katikati ya tabaka na chuma, na kutu huendelea bila kuonekana.

Nta na mafuta mazito, yakiwemo yanayotokana na sufu ya kondoo: Hayakauki kabisa, hupenya kwenye viungo na hufaa ndani ya vyuma vyenye uwazi. Hata hivyo, huoshwa na maji ya barabarani, kwa hiyo hupakwa upya mara kwa mara.

Rangi ya zinki au rangi ya msingi ya kuzuia kutu: Hupakwa kwanza, kwenye chuma kilichosuguliwa kikawa safi, kabla ya tabaka lingine.

Oili chafu: Hutumika sana gereji kwa kuwa ni rahisi kupatikana. Lakini huharibu bushi za mpira, hushika vumbi na huchafua udongo. Hali kadhalika, mkaguzi anayetafuta injini au gia inayovuja hukuta oili kila mahali na hawezi kutofautisha.

Wakaguzi wanatazama nini

Nchini Kenya magari yaliyotumika yanayoingizwa hukaguliwa kwa kiwango cha KS 1515:2000, na hayaruhusiwi kuzidi umri wa miaka 8. Nchini Tanzania magari yaliyo barabarani hukaguliwa na wakaguzi wa Kikosi cha Usalama Barabarani, na nchini Rwanda Polisi wana kituo chenye mashine jijini Kigali.

Kutu ya juu juu, inayotoka kwa brashi ya waya, kwa kawaida si tatizo. Tatizo ni chuma kilichopungua unene au kutoboka, hasa kwenye chasisi, mahali springi na usukani vinapofungwa, mahali mikanda ya usalama inapoanzia, na mabomba ya breki. Mkaguzi huingia shimoni na tochi, hubonyeza kwa kidole na kugonga kidogo. Chuma kizima hulia wazi. Kilichooza hutoa sauti nzito au hubonyea.

Uingereza, ambako baadhi ya malori na magari ya mitumba hutoka, mkaguzi hutazama pia eneo la sentimita 30 kuzunguka sehemu hizo muhimu. Akikuta tabaka la kinga limefunika vyuma, anaweza kuliandika hilo kwenye taarifa yake.

Kwa hiyo kinga yenyewe si kosa. Kinachozua mashaka ni lami mbichi iliyopakwa jana yake juu ya magamba ya kutu, au kiraka kilichofichwa chini ya rangi nyeusi.

Kabla ya kununua

Kwenye karatasi za mnada za Japani herufi S huonyesha kutu na C huonyesha chuma kilicholiwa; namba inayofuata ikipanda, hali ni mbaya zaidi. Maneno "shitamawari sabi" maana yake ni kutu uvunguni. Kwa magari ya Uingereza, historia ya ukaguzi husomwa bure kwenye tovuti ya serikali kwa kutumia namba ya usajili. Omba pia picha za uvungu zilizopigwa kabla ya kupakwa chochote.

Kabla ya kupaka

1. Osha uvungu kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kisha acha ukauke kabisa. Kupaka juu ya unyevu ni kufungia kutu ndani.

2. Sugua kwa brashi ya waya, kata chuma kilichooza na uunge kipya. Chasisi ya lori isichomwe wala kutobolewa bila kufuata maelekezo ya mtengenezaji, kwani joto la kuchomea hupunguza nguvu ya chuma.

3. Funika breki, ekzosi, viungo vya propela na bushi za mpira. Acha wazi matundu ya kutolea maji.

4. Usifunike namba ya chasisi. Forodha huilinganisha na hati, na namba isiyosomeka huchelewesha gari hata kama mzigo hauna kasoro.

5. Tunza picha za kabla na baada pamoja na risiti ya fundi.

Gari likikaribia kukaguliwa, ni vyema likaguliwe kwanza, kinga ipakwe baadaye. Kwa lori linalobeba chumvi au mbolea, kinga ya bei nafuu kuliko zote ni kuosha uvungu kila mzigo unaposhushwa. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na siku moja ya lori kusimama mpakani.